Kijito Kimepanuliwa, Mbona Ramani ya Mafuriko Ni Ileile?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nina ploti South B, Nairobi, karibu na kijito kinachomwaga maji yake katika Mto Ngong. Kijito hicho kilichimbwa, kikapanuliwa na kujengewa kuta za zege, na masika yaliyopita maji hayakutufikia. Hata hivyo, nilipoomba mkopo wa kujenga, mthamini wa benki alinionyesha ramani ambayo bado inaiweka ploti yangu ndani ya eneo la mafuriko. Je, ramani haipaswi kubadilishwa mara tu kazi inapokamilika?
Mkazi wa South B

JIBU: Ndugu msomaji, ramani inapaswa kupitiwa upya, lakini haibadiliki kwa sababu tu matingatinga yameondoka. Ramani ya namna hiyo haielezi maji yalifika wapi msimu uliopita, bali yangefika wapi iwapo kungetokea furiko la kiwango kilichochaguliwa, ambalo katika nchi nyingi ni lile lenye uwezekano wa asilimia 1 wa kutokea katika mwaka wowote. Asilimia hiyo huonekana ndogo mpaka uihesabu kwa muda mrefu: katika miaka 30 inafika takriban asilimia 26. Kwa hiyo masika moja yaliyopita salama hayamthibitishii mthamini jambo lolote.

Kinachohitajika kwanza ni vipimo vya mfereji jinsi ulivyojengwa, si jinsi ulivyochorwa. Huenda mkandarasi alikutana na mwamba akaishia kina pungufu, au bomba la majitaka likaachwa likikatiza mfereji kwa kuwa hapakuwa na fedha za kulihamisha. Mpima ardhi hupima umbo la mfereji kutoka ukingo hadi ukingo, sehemu kwa sehemu, pamoja na kila daraja na kalvati, yaani njia ya maji ipitayo chini ya barabara, kisha mhandisi wa maji huviingiza vipimo hivyo katika programu ya kompyuta. Mojawapo inayotumika sana ni HEC-RAS, iliyotengenezwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani na kutolewa bila malipo.

Hapo ndipo uso wa mfereji unapoleta mabishano. Kwa upana, kina na mteremko uleule, mfereji wa zege laini unaweza kupitisha zaidi ya mara mbili ya maji yanayopita katika mfereji wa udongo uliosongwa na magugu. Lakini zege hilo likishafunikwa na tope, mifuko na matairi, nyasi zikaota juu yake, hesabu ya mhandisi inakuwa ya mfereji ambao haupo tena. Nenda ukachungulie kalvati ambayo maji huifikia baada ya kuipita ploti yako: ikiwa nusu ya mdomo wake imeziba, au ikiwa ni ileile nyembamba ya zamani, maji yatarudi nyuma na kuujaza mfereji mpya hata ungepanuliwa namna gani.

Kuna kosa jingine ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi, kwa sababu huiremba ramani: kupima mfereji mpya huku kiasi cha maji kikiachwa kile cha zamani. Mapaa, maegesho na barabara za lami zimeongezeka Nairobi, na maji ambayo zamani yalinywewa na udongo sasa hufika mtoni kwa muda mfupi. Marekebisho ya kweli ni lazima yahesabu upya mvua, ikiwemo ile ya Machi hadi Mei 2024, pamoja na matumizi ya ardhi ya sasa.

Huko Marekani, ambako mpango wa taifa wa bima ya mafuriko ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1968, utaratibu wa jambo hili umeandikwa wazi. Mamlaka ya mji inatakiwa kuwasilisha takwimu mpya ndani ya miezi 6 tangu zipatikane, zikiwa zimeidhinishwa na mhandisi aliyesajiliwa, na inaweza kudaiwa maelezo ya jinsi mfereji utakavyotunzwa. Viwango vipya vya maji pia vinapaswa kukutana na vile vya ramani ya zamani, juu na chini ya eneo la kazi, kwa tofauti isiyozidi takriban sentimita 15. Sharti hilo dogo huwazuia wahandisi kuishusha mistari ya hatari mbele ya ploti moja pekee.

Kwa upande wako, iandikie Mamlaka ya Rasilimali za Maji pamoja na serikali ya kaunti, uulize kama michoro ya kazi iliyokamilika ipo, na uombe nakala. Usichanganye jambo hili na hifadhi ya ukingo wa mto, yaani ukanda wa ardhi kando ya maji usioruhusiwa kujengwa. Kanuni za maji za Kenya hupima ukanda huo kwa kufuata upana wa mkondo, usipungue mita 6 wala kuzidi mita 30, kwa hiyo kupanuliwa kwa kijito kunaweza kukutoa katika eneo la mafuriko na papo hapo kukusogezea mpaka wa hifadhi ndani ya ploti.

SWALI: Sisi tunaishi Mukuru, chini ya mahali ambapo mkondo ulijengewa kuta. Sasa maji hutufikia haraka kuliko zamani. Je, ramani yetu nayo itaguswa?
Mpangaji, Mukuru

JIBU: Inapaswa kuguswa, tena pengine kabla ya ile ya walio juu yenu. Zamani maji yalitanda uwandani huko juu, yakapumzika na kushuka polepole. Kuta zikijengwa, yanabaki mkondoni na kuwafikia kwa pamoja. Mapitio yanayoishia pale zege linapoishia yana kasoro. Andikeni saa mvua inapoanza na saa maji yanapofika, mchore alama ukutani pale yalipoishia, na mpige picha yenye tarehe. Mhandisi akija, alama hizo ndizo atakazozitumia kukagua kama hesabu za kompyuta zinalingana na yaliyotokea.