Ubwiri wa Mizabibu: Utambue Kabla ya Kupiga Dawa

Ushauri mwingi wa zabibu unatoka Dodoma, na ndivyo inavyostahili, maana kituo cha utafiti wa zao hili kiko Makutupora. Lakini Dodoma ina msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu. Arusha na Moshi tuna masika na vuli, kisha baridi na manyunyu ya Juni na Julai. Ratiba ya dawa inayofaa kule, huku huchelewa.

Ubwiri ni ugonjwa wa ukungu kwenye majani. Adui mkubwa huku ni ubwiri vinyoya, na wengi huuchanganya na ubwiri unga. Geuza jani. Vinyoya huanza na madoa ya njano upande wa juu, kama tone la mafuta kwenye karatasi; chini ya doa hutokea manyoya meupe baada ya usiku wenye unyevu. Unga hukaa pande zote mbili, na ukipitisha kidole unafutika. Ukibaki na shaka, weka jani lenye doa kwenye kopo la plastiki pamoja na kitambaa kibichi, funika, liache gizani usiku kucha. Manyoya mapya yakiota chini ya doa, ni vinyoya. Usiruke kipimo hiki: salfa inayozuia unga haifanyi lolote kwa vinyoya.

Hatari ya vinyoya huanza machipukizi yakifika sm 10 na mvua ikafika mm 10 ndani ya saa 24. Piga mrututu (chumvi ya buluu ya shaba) uliochanganywa na chokaa kabla ya mvua hiyo, kwa sababu unakinga tu. Jani lililokwisha kuambukizwa hauliponyi.

Kwa bomba la lita 20: yeyusha gramu 200 za mrututu katika lita 10 za maji, kwenye ndoo ya plastiki, kwani ya chuma italiwa. Koroga gramu 200 za chokaa iliyozimwa katika lita 10 nyingine. Mimina mrututu kwenye chokaa polepole ukikoroga, wala si kinyume chake. Chovya msumari safi kwa dakika moja. Ukitoka na rangi ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo majani yataungua. Chuja, tumia siku hiyohiyo. Kwa machipukizi machanga, punguza vyote viwili kwa nusu.

Nozeli ielekee juu kutoka chini ya majani, maana vimelea huingilia kwenye vitundu vya upande huo. Asubuhi ya mawingu mazito, subiri: dawa isiyokauka haraka huunguza.

Salfa nayo usiipige joto likipita nyuzi 32.

Dawa peke yake haitoshi. Pogoa mwanzoni mwa Juni, masika yakiisha, ili maua yaangukie miezi mikavu. Punguza majani yanayobana vishada, na yaliyoanguka yafukie mbali na shamba, kwani mbegu za vinyoya hubaki humo hadi mvua zijazo.

Ukiona sisimizi wakipanda shina, bandua magome makavu utafute vidung'ata, wadudu wadogo weupe wenye nta ambao sisimizi huwafuata kwa utamu wanaoutoa. Vidung'ata hueneza virusi vya kujikunja majani, ambavyo havina dawa. Mzabibu ulioambukizwa usiukatie vipandikizi.