Kuhusu damu na shule: barua kwa mwanangu Rehema

Mwanangu Rehema,

Salamu zako zimefika. Unauliza kama Juma anashika mkia darasani kwa sababu "damu ya kwetu haina shule," kama alivyosema wifi yako, na kama ni hivyo, hela ya tuisheni ya nini.

Damu ina sehemu yake, sitakuficha. Uingereza wamewafuatilia maelfu ya mapacha waliozaliwa kati ya 1994 na 1996. Wale wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile, walikaribiana alama kuliko mapacha wasiofanana walipofanya mtihani wa taifa wakiwa na miaka 16. Kutokana na hapo watafiti walikadiria mwaka 2013 kwamba asilimia 58 ya tofauti za alama zao ni ya urithi. Lakini shika neno hilo, tofauti. Hesabu hiyo inawahusu watoto wengi wa nchi moja, ambako shule zinakaribiana kuliko kwetu, na mazingira yakilingana, urithi ndio unaobaki kuwatofautisha. Haisemi kwamba alama za Juma ziliamuliwa tumboni.

Tena wa Iceland walionyesha mwaka 2018 kwamba hata vinasaba ambavyo mzazi hakumrithisha mtoto vinahusiana na kiwango cha elimu atakachofikia. Vinapitia wapi? Kwa mzazi mwenyewe, katika namna anavyoiendesha nyumba.

Na lipo nililolishika kwa mikono yangu. Nilipokuwa muuguzi huku nyanda za juu tuligawa vidonge vya madini joto, na akilini mwetu tulikuwa tunazuia rovu tu. Baadaye watafiti walikuta kwamba watoto ambao mama zao walivipata kwa wakati katika ujauzito waliwazidi wenzao kwa wastani wa kati ya theluthi na nusu ya mwaka wa masomo, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Watoto hao hawakubadilishiwa wazazi, Rehema. Nikiisoma habari hiyo hadi leo moyo wangu unajaa.

Sasa Juma. Darasa la tatu alikuwa wa kumi na kitu, na hakuna aliyetaja damu. Januari mkamhamishia mchepuo wa Kiingereza. Mtoto anayejua kugawanya anakosa swali kwa sababu hakuelewa lililoulizwa. Ningeanzia hapo: muulize hesabu zilezile kwa Kiswahili, uone. Kama anazipata, hiyo tuisheni iwe ya lugha. Halafu mpeleke akapimwe macho na masikio, maana likizo nilimwona anasogea karibu sana na televisheni. Nauli nitatuma Ijumaa.

Wifi yako ongea naye wewe mwenyewe, kwa heshima, asirudie maneno yale mtoto akiwa anasikia. Akikaidi, mpe simu niongee naye.

Mama yako