Sumaku ya spika ndani ya difu? Usiibandike

Ndugu, umesema ulipomwaga oili ya difu (sanduku la gia kwenye ekseli) ya pikapu yako ulikuta tope la kijivu, na sasa wataka kubandika sumaku ya spika ndani inase chembe za chuma. Tafadhali usifanye hivyo. Gundi hulegea kwenye oili ya moto, na sumaku ikichomoka ikanaswa kati ya kraun na pinyoni, yaani gia kubwa na ndogo za difu, meno yanavunjika.

Nunua nati ya kumwagia oili yenye sumaku ya kiwandani. Beba ile ya zamani dukani mlinganishe hesi na urefu, maana ikizidi urefu yaweza kugusa kraun. Uliza pia kama sumaku yahimili joto: za neodimi za kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 hivi, na difu yenye mzigo hufika hapo.

Siku ya kubadilisha, fungua kwanza nati ya juu ya kujazia. Ikikataa baada ya oili kumwagika, gari halitoki hapo. Weka washa mpya (ringi ya kuziba nati), ujaze oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.

Tope laini kama masizi ukilisugua vidoleni ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande vinavyochoma au maganda ya chuma, usiendeshe. Mwite fundi wa difu apime beringi na meno. Shaba na alumini hazinaswi na sumaku, kwa hivyo chuja oili kuukuu kwa kitambaa cheupe uzione. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na kwa mafuriko ya Mombasa si ajabu: kagua kipumulio (tundu la hewa la difu) na sili.