Usiku wa Gala Baharini: Kitenge, Kanzu au Suti?

Miezi ya karibuni nimeulizwa swali la aina moja na watu wasiojuana. Wengi wao wamekatiwa tiketi za meli ya utalii na watoto au jamaa walio ng'ambo. Furaha ni kubwa, lakini wote wamekwama kwenye mstari mmoja wa maelezo ya safari, ule unaosema kutakuwa na jioni za mavazi rasmi, yaani gala. Mimi ni fundi wa nguo hapa Nairobi, na nimewashonea wateja kadhaa waliosafiri hivyo. Wakirudi huwa nawauliza ni nguo gani iliwafaa na ipi ililala sandukuni hadi mwisho. Nitajibu kwa yale niliyojifunza kwao na kwa kanuni za meli zenyewe.

Fundi, hujambo? Binti yangu anaishi Southampton na amenilipia safari ya Queen Mary 2 hadi New York, siku 7. Kuna usiku wa gala. Nikatafute gauni la namna gani mjini? Pesa si nyingi. (Mama, Buruburu)

Sijambo, mama. Hongera kwa binti kama huyo. Usiingie dukani bado.

Queen Mary 2 ni ya kampuni ya Cunard, ilianza kazi mwaka 2004, na kati ya meli kubwa za abiria ndiyo inayoshikilia sana desturi za zamani. Safari yako kwa kawaida huwa na jioni 2 za gala. Jioni nyingine, kuanzia saa 12, watu huvaa nadhifu tu: gauni la kawaida, au suruali nzuri na blauzi. Jioni za gala ndizo za gauni refu, gauni la sherehe, au suti ya kike ya suruali. Hapo wengi hushtuka, wakakimbilia gauni la kumetameta ambalo hawatalivaa tena maishani.

Kanuni za Cunard zinasema pia kwamba vazi rasmi la taifa la mtu linakaribishwa usiku wa gala. Hiyo ndiyo sentensi ninayotaka uishike, mama. Kitenge chako kilichoshonwa kwa heshima kitakaa meza moja na taksido, ile suti rasmi ya jioni ya wanaume, bila kuomba ruhusa.

Lakini kishonwe kwa heshima kweli. Nenda Biashara Street uchague kitenge kizito cha pamba, chenye weusi, bluu iliyokolea au rangi ya damu ya mzee. Kata moja ya yadi 6 inatosha. Kiloweke na kukifua kabla hakijakatwa, maana pamba hurudi, na gauni lililokuwa likifika kifundoni utalikuta linaning'inia juu ya miguu. Mwambie fundi wako atie bitana kuanzia mabegani hadi chini. Bitana ndiyo inayotofautisha gauni la gala na gauni la kwenda harambee: nguo inaanguka vizuri, haigandi mapajani, na haionyeshi mikunjo ya kukaa. Mshono uwe wa kawaida. Mabega ya puto, marinda matatu na mkanda wa dhahabu vyote kwenye nguo moja vinapigana, na kitenge chenyewe tayari kinasema mengi.

Kipande kitakachobaki kishonwe shali pana. Vyumba vya kulia melini vina kiyoyozi kikali na upepo wa Atlantiki hauna huruma, hata miezi ambayo Waingereza wanaiita ya joto. Gala ya pili vaa gauni lilelile, ubadilishe shali, hereni na kilemba. Nakuhakikishia hakuna atakayekuhesabia.

Kitu kimoja zaidi. Jioni za gala za Cunard mara nyingi huwa na mada, kama ile ya nyeusi na nyeupe, au ya kuvaa vinyago vya usoni. Binti yako aangalie kwenye maelezo ya safari yenu kabla hujanunua kitambaa. Wakikuambia nyeusi na nyeupe, vitenge vya rangi hizo vipo, na ni vizuri ajabu.

Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu. Suti zangu zote ni za Kaunda. Vijana wangu wananiambia nitarudishwa mlangoni. Ni kweli? (Mzee, Lang'ata)

Shikamoo, mzee. Vijana wana haki nusu.

Suti ya Kaunda imeshawahi kurudishwa mlangoni hapa hapa kwetu: Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku bungeni pamoja na mavazi ya kiasili. Sikukubaliana naye wakati ule na sikubaliani naye leo. Vazi lililopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, likavaliwa na walimu na watumishi wa umma wa bara hili kwa miongo mingi, haliwezi kuwa utovu wa adabu. Lakini mlango wa meli hauendi na maoni yangu, kwa hiyo tuangalie meli yenyewe.

Kwa meli kali kama za Cunard, mwanamume asiye na taksido anatakiwa kuvaa suti nyeusi au ya rangi nzito, na tai. Kaunda haina tai. Ungeweza kusema ni vazi lako la taifa, lakini Kenya hatujawahi kukubaliana vazi la taifa ni lipi. Mwaka 2004 lilizinduliwa moja, wabunifu walikuwa wamehangaika nalo, na halikushika. Kwa hiyo usiiweke jioni yako mikononi mwa mtu wa mlangoni ambaye huenda hajawahi kusikia jina la Kaunda. Beba suti moja ya rangi nzito na tai kwa ajili ya gala, na Kaunda zako uzivae jioni nyingine zote. Ya mikono mirefu, iliyopigwa pasi ikasimama, ni nadhifu kuliko mashati mengi utakayoyaona huko.

Kama meli yako ni ya kampuni ya Carnival, tulia kabisa. Jioni zao rasmi wanaume huvaa suruali na shati vya heshima, koti ni hiari. Safari ya siku 2 hadi 5 huwa na jioni moja ya namna hiyo, na ya siku 6 kwenda juu huwa na mbili. Norwegian nao hawamlazimishi mtu kuvaa rasmi hata jioni moja. Tafadhali niandikie tena unitajie meli.

Je, ni lazima kuhudhuria? Mimi sipendi sherehe. (Dada, South B)

La. Hakuna anayekulazimisha. Chumba kikuu cha chakula kina masharti, lakini mahali pa kujipakulia hubaki wazi kwa wasiotaka kujipamba. Kwenye Queen Mary 2 panaitwa Kings Court. Unaweza pia kula chumbani. Ila dada, jaribu jioni moja kwanza.

Assalamu alaikum. Mimi na mke wangu tutapanda meli mwezi wa Desemba. Naweza kuvaa kanzu usiku rasmi? Na yeye je, na hijabu yake? (Kijana, Pangani)

Waalaikumu salaam. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu mna vazi ambalo kote Pwani ni rasmi tangu zamani, na bwana harusi hana kubwa zaidi ya hilo.

Kanzu nyeupe yenye darizi shingoni, koti jeusi juu yake, kofia ya kushonwa kwa mkono: hilo ni vazi rasmi kamili, na sidhani meli zinazoruhusu vazi la taifa zitakuwa na neno nalo. Ukiwa na joho, beba. Angalizo langu ni la kifundi. Kanzu ya dukani mara nyingi ni nyepesi, na chini ya taa kali za ukumbi huonyesha kilicho ndani. Tafuta kitambaa kizito kidogo, na vaa fulana nyeupe na suruali nyeupe au kikoi chini yake. Urefu uishie juu ya kifundo, kwa sababu meli ina ngazi nyingi na sakafu inayumba. Viatu viwe vya ngozi, vya kufunika. Makubadhi yaachie jioni za kawaida.

Kwa mkeo hakuna tatizo lolote. Gauni rasmi la meli ni refu, na mikono mirefu ni mizuri zaidi kwa baridi ya kiyoyozi. Eastleigh atapata abaya za hariri na zenye shanga ambazo zinazidi gauni nyingi za madukani kwa ustadi wa mikono. Hijabu achague ya kitambaa kinachofanana na abaya, ya rangi moja, ili shanga zisikose pa kupumzikia.

Fundi, nimeona taksido Gikomba, kamera kabisa (mtumba wa daraja la kwanza), bei ya kutupa. Ninunue? Nitajuaje kama ni ya kweli? (Kijana, Umoja)

Nunua, ikikukaa mabegani. Hilo ndilo la kwanza na la mwisho. Mikono naweza kuifupisha, kiuno naweza kukibana au kukilegeza kama kuna nguo ya ziada ndani ya mshono, suruali naweza kuipandisha pindo. Bega siwezi, au naweza kwa kazi itakayokugharimu kuliko koti lenyewe. Vaa, simama karibu na ukuta, inua mikono kana kwamba unashika usukani wa matatu. Koti likipanda lote shingoni, lirudishe.

Taksido ya kweli utaijua kwa kola iliyofunikwa satini au hariri, na kwa utepe wa kitambaa hichohicho unaoshuka ubavuni mwa suruali. Angalia satini kwa makini kwenye mwanga wa jua, si ndani ya kibanda, kwani ikikwaruzwa haitengenezeki. Ndani shati jeupe, tai ya kipepeo nyeusi, viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Jina hilo lilitoka Tuxedo Park, jimbo la New York, ambako miaka ya 1880 wanaume wenye mali walianza kula chakula cha jioni na koti fupi badala ya lile lenye mkia. Yaani lilianza kama vazi la kujilegeza! Likumbuke hilo ukiona kola inakubana.

Kama suruali yake haipo au haikukai, usihangaike kutafuta nyingine nyeusi ya kuoanisha, weusi hautafanana. Rudi kwa suti nzito ya kawaida na tai. Inakubalika.

Pasi naweza kubeba? (Mama, Donholm)

Usibebe. Karibu kampuni zote za meli zinakataza pasi vyumbani kwa hofu ya moto, na nyingi zinakataza hata ile ya mvuke, itachukuliwa ukaguzini. Baadhi, kama Cunard, Princess na Carnival, zina meli zenye vyumba vya kufulia vyenye pasi za abiria. Kwingine utalipa nguo ipigwe. Viringisha nguo badala ya kuzikunja, zitundike mara tu uingiapo, na nguo ya gala itundike bafuni wakati unaoga maji moto.

Na viatu virefu? (Huyohuyo)

Kisigino kinene, si cha sindano. Bahari ikichafuka utanikumbuka, na nje kwenye sitaha visigino vyembamba hunasa kati ya mbao.

Gala huwa siku gani? Nataka kujua nipange sanduku vipi, na wale wapiga picha wa melini nasikia ni ghali. (Mama, Rongai)

Jioni ya kwanza mara nyingi si rasmi, kwa sababu masanduku huletwa vyumbani polepole na mengine hufika usiku. Ya mwisho pia si rasmi, kwa kuwa masanduku hukusanywa kutoka koridoni usiku huo. Gala nyingi huangukia siku ambazo meli iko baharini mchana kutwa, na ratiba hutolewa mapema.

Sasa nakuomba unisikilize. Nguo ya gala usiitie kwenye sanduku linaloenda tumboni mwa ndege. Mteja wangu mmoja sanduku lake lilibaki uwanja wa kubadilishia ndege, meli ikang'oa nanga, na gauni ambalo tulilihangaikia wiki 3 likamfuata siku 4 baadaye. Alilia simu nzima, na mimi nikalia naye. Gauni liviringishe ndani ya mfuko mwepesi, lipande nawe. Na usiku wa mwisho, kabla hujaweka sanduku koridoni, acha nje nguo na viatu vya asubuhi. Kuna watu wameshuka bandarini na nguo za kulala.

Wapiga picha wa meli watakupiga ukiwa umependeza, na hulazimiki kununua hata moja. Mpe jirani wa mezani simu yako akupige kwenye ngazi kuu. Ukirudi Nairobi, naomba nakala. Nina ukuta pale juu ya cherehani na bado una nafasi.