Parseli ya mita 17 kwa 30: parkingi ya magari mangapi?

Swali: Bwana enjenia, tunauza bidhaa pale Nyawera, Bukavu. Mwenye parseli ya mita 17 kwa 30 anataka kubomoa vibanda vyetu vya mbele afanye parkingi. Yataingia magari mangapi? Foleni itapungua?

Jibu: Yataingia 22, na vibanda mkiviacha yataingia 20. Kwa hiyo ubomoaji wote huo ni wa magari mawili tu.

Hesabu ni hii. Gari hukaa kwenye mita 2.5 kwa 5, na ili litoke kinyumenyume bila kugusa jingine, njia ya katikati inataka mita 6. Safu mbili na njia ni mita 16. Mita inayobaki ni ya mtaro. Urefu wa mita 30 unabeba magari 12 kila upande. Yatoe mawili ya mwisho kabisa, maana njia haitokei upande wa pili na lazima pawe na pa kugeuzia. Vibanda vikae mbele, kushoto na kulia kwa mlango, kina kisizidi mita 2.5, yaani nafasi ya gari moja kila upande. Anayetoza pesa asimame ndani, nyuma ya vibanda, angalau mita 5 toka mlangoni. Akisimama mlangoni, gari linalosubiri linabaki na mkia barabarani, na hapo parkingi yenyewe ndiyo imeleta foleni.

Foleni ni motari (waendesha pikipiki) zaidi kuliko magari. Nafasi mbili za gari, yaani mita 5 kwa 5, zinaingiza pikipiki 10: safu mbili za mita 2, kijia cha mita 1 katikati. Wapeni nafasi mbili za karibu na mlango, kwani ndani kabisa hawafiki. Yanabaki magari 18.

Sasa jambo lisilopendeza: wanaojaza nafasi mara nyingi ni wauzaji wenyewe. Magari 18 yakilala pale kutwa, ni watu 18. Kila moja likikaa saa moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, yanaweza kufika 162. Saa ya kwanza iwe rahisi, zinazofuata zipande bei. Kabla ya kuamua, andikeni kila nusu saa namba ya plaki ya kila gari lililosimama barabarani, siku ya soko na siku ya kawaida. Plaki inayorudi asubuhi hadi jioni si ya mteja.

Maji msiyasahau. Mvua ya milimita 30 juu ya parseli hiyo ni lita 15,300. Uwanja ulale sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mtaro, na mtaro uungwe na ule wa barabara, kamwe usimwagikie jirani wa chini.