Kiti cha timu ya kiwanda MotoGP: linganisha waliopanda pikipiki ileile

Swali ni kama waendeshaji walioko kwenye timu za viwanda (timu za watengenezaji wenyewe) MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki duniani, wanastahili viti vyao, na majibu mengi yanaishia kwenye jedwali la pointi. Jedwali halitoshi. Pointi ni za mtu na pikipiki kwa pamoja, kwa hiyo ukitaka kumpima mtu mweke kando ya wenzake waliopanda pikipiki ileile, ya mwaka uleule. Mimi huanza hapo kila mara, kabla ya kusikiliza maneno ya yeyote.

Msimu wa 2024 ni mzuri kwa kazi hii kwa sababu Ducati ilikuwa na pikipiki nane uwanjani. Nne zilikuwa GP24, toleo jipya la mwaka huo: za Bagnaia na Bastianini timu ya kiwanda, na za Martín na Morbidelli kule Pramac, timu isiyo ya kiwanda. Nne nyingine zilikuwa GP23, yaani za mwaka uliotangulia: Marc na Álex Márquez kwa Gresini, Bezzecchi na Di Giannantonio kwa VR46, nazo timu zisizo za kiwanda. Sasa soma pointi kwa makundi hayo. GP24: Martín 508, Bagnaia 498, Bastianini 386, Morbidelli 173 (huyu alikosa majaribio ya kabla ya msimu kwa sababu ya ajali, mpunguzie lawama). GP23: Marc 392, Álex 173, Di Giannantonio 165, Bezzecchi 153. Marc aliwaacha wenzake wa GP23 kwa zaidi ya pointi 200, na akamaliza mbele ya Bastianini aliyekuwa na pikipiki mpya ya kiwanda. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Ducati ilimchukua timu ya kiwanda ya 2025 kwa ajili ya jina.

Je, Martín alidhulumiwa kwa kukosa kiti hicho? Alistahili, tena sana. Alitwaa ubingwa akiwa Pramac, mtu wa kwanza kufanya hivyo nje ya timu ya kiwanda tangu daraja la juu liitwe MotoGP mwaka 2002. Lakini kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, na uamuzi ulitoka Juni, msimu ukiwa haujafika hata nusu. Hili la tarehe watu hulisahau. Mkataba husainiwa kwa matokeo ya miezi mingi nyuma, halafu mtu anahukumiwa kwa matokeo ya baadaye. Bastianini mwenyewe alikipata kiti kihalali: mwaka 2022 alishinda mbio nne juu ya GP21 ya Gresini. Kisha mbio fupi ya Jumamosi ya kwanza kabisa ya 2023, Portimão, ikamvunja mfupa wa bega.

Mfano mbaya zaidi wa tarehe ni Álex Márquez. Aliingia timu ya kiwanda ya Honda 2020 akiwa bingwa wa Moto2, daraja lililo chini ya MotoGP, na kabla hajashindana hata mbio moja ikatangazwa kwamba 2021 kiti hicho kitakuwa cha Pol Espargaró. Mwaka huohuo alimaliza wa pili Le Mans na wa pili Aragón. Mwaka 2025, akiwa Gresini, alishinda Jerez, Catalunya na Sepang na kumaliza wa pili kwenye ubingwa. Waliosema hafai walisema mapema mno.

Baada ya kulinganisha makundi, ingia kwenye muda wa mizunguko. MotoGP hutoa karatasi ya uchambuzi baada ya kila kipindi: kila mzunguko wa kila mwendeshaji, umekatwa vipande vinne, pamoja na kasi ya juu. Ondoa mizunguko miwili ya kwanza ya mbio, maana tangi limejaa na kila mtu yuko kwenye msongamano. Ondoa pia mizunguko ambayo alikuwa akipita au akipitwa. Iliyobaki ipange kutoka mwepesi hadi mzito na uchukue wa katikati. Ule mwepesi kuliko yote hudanganya. Halafu theluthi ya mwisho ya mbio iangalie peke yake, kwa sababu hapo ndipo unaona nani ametunza tairi la nyuma na nani amelimaliza.

Baada ya hapo linganisha vipande. Mtu akipoteza sehemu mbili za kumi za sekunde kwenye kipande chenye breki nzito, na kwingine kote yuko sawa na mwenzake, tatizo liko mbele ya pikipiki na fundi mkuu ana pa kuanzia. Akipoteza kidogo kidogo kila mahali, mara nyingi ni mtu mwenyewe hajiamini.

Kuna mtego mmoja unaoharibu usomaji huu wote: presha ya tairi la mbele. Tangu 2024 kiwango cha chini ni bar 1.80, na mwendeshaji lazima awe juu yake kwa asilimia 60 ya mizunguko ya Jumapili, au asilimia 30 kwenye mbio fupi ya Jumamosi. Akishindwa anaongezewa sekunde 16 Jumapili na 8 Jumamosi. Mafundi hujaza upepo kwa kukisia mtu wao atakuwa wapi. Nyuma ya kundi hewa ni ya moto, tairi linapata joto na presha inapanda. Peke yake mbele, presha inashuka. Ukijaza kwa hesabu ya kuongoza kisha mtu wako akakwama nyuma, tairi linavimba, sehemu inayogusa lami inapungua, na gurudumu la mbele linafunga kwenye breki. Anaanguka, na watu wanasema amekosa umakini. Ukijaza kwa hesabu ya kundi kisha akaongoza, anahatarisha adhabu. Buriram 2025 Marc Márquez alimruhusu mdogo wake Álex apite, akakaa nyuma yake ili tairi lipate joto, kisha akampita tena karibu na mwisho na kushinda. Ukisoma karatasi ile bila kujua hilo utadhani alizidiwa kasi katikati ya mbio.

Sasa suala la pikipiki kumkaa mtu. Jorge Lorenzo alikwenda Ducati 2017 akiwa bingwa mara tatu wa MotoGP, na msimu mzima hakushinda. Kwenye breki uzito wote wa mwili ulikuwa unaishia mikononi, na kufikia katikati ya mbio mikono ilikuwa imechoka. Mugello 2018 akapewa tangi lenye umbo jipya la kumpa pa kujiegemeza wakati wa breki. Alishinda mbio hiyo. Siku chache baadaye ikatangazwa anahamia Honda, na mbio iliyofuata, Barcelona, akashinda tena. Kipande cha tangi tu! Kiwanda kilikuwa kimeshamkatia tamaa kabla hakijampa.

Kwa Bagnaia 2025 nitasema wazi: kwa kipimo changu cha pikipiki ileile alishindwa vibaya. Marc, mwenzake wa timu mwaka huo, alimaliza na pointi 545 licha ya kukosa raundi nne za mwisho kwa jeraha. Bagnaia 288, nafasi ya tano. Lakini mtu aliyeshinda mbio 11 za Jumapili mwaka 2024 hajasahau kuendesha. Yeye hubana breki kwa nguvu na kuishikilia mpaka ndani ya kona, kwa hiyo anaishi kwa kile anachokisikia kutoka gurudumu la mbele, na mwaka ule hakukisikia. Aragón alitoa diski za breki za milimita 340 akafunga za 355, akamaliza wa tatu. Diski kubwa inakupa nguvu ileile kwa kubana kidogo zaidi, na inahimili joto vizuri. Gharama yake ni uzito kwenye gurudumu: pikipiki inakuwa nzito kugeuza kutoka upande hadi upande. Ndiyo maana si kila mtu anaitaka.

Hata hivyo, kwenye timu ya kiwanda siwezi kumsamehe mtu kwa hoja kwamba pikipiki haimkai. Sehemu ya kazi ile ni kueleza kasoro kwa namna ambayo mhandisi anaweza kuitafuta: ni kona gani, breki ikiwa imebanwa kiasi gani, kabla au baada ya kuachia. Ukisema tu "sina imani na mbele" hujamsaidia yeyote.

Kulinganisha viwanda tofauti ni kugumu zaidi. Viwanda vimepangwa A hadi D kwa asilimia ya pointi walizopata, A wakiwa wenye nguvu na D dhaifu. Wa A wana matairi 170 ya majaribio, wa D 260, na wa D wanaruhusiwa kufanya majaribio binafsi na waendeshaji wao wa mbio. Quartararo na Yamaha yake mwaka 2025 walianza nafasi ya kwanza Jerez, Le Mans na Silverstone mfululizo. Silverstone alikuwa akiongoza kifaa cha kushusha sehemu ya nyuma ya pikipiki kilipogoma, akatoka bila pointi. Huyo anastahili kiti chake bila mjadala.

Na kuna 2027. Injini zinashuka kutoka sentimita za ujazo 1000 hadi 850, vifaa vya kushusha pikipiki vinapigwa marufuku, na kwenye matairi Michelin inampisha Pirelli. Mtu aliyejenga kasi yake juu ya tairi la mbele la Michelin anaweza kujikuta anaanza upya. Kwa hiyo ningewatazama sana wanaolijua tairi la Pirelli, kama Toprak Razgatlıoğlu aliyetwaa mataji ya Superbike (ubingwa wa pikipiki zinazotokana na za barabarani) juu yake, na Diogo Moreira, bingwa wa Moto2 wa 2025. Wote wawili wameingia 2026 kupitia timu zisizo za kiwanda, Pramac na LCR. Matokeo yao ya mwaka huu wa Michelin yasitumike kuwafungia mlango wa mwaka unaofuata.