Maswali Yenu: Kukata Masikio ya Mbwa na Kuuguza Kidonda

Nimenunua Doberman wa wiki 9. Aliyeniuzia anasisitiza nimkate masikio haraka, la sivyo yatabaki yamelala na yatakuwa yanatoa usaha kila mara. Ni kweli?

Kuhusu kulala, ni kweli. Masikio ya Doberman hulala kwa maumbile yake, na ukimwacha yatabaki hivyo. Haraka ya muuzaji ni kwamba upasuaji huu kwa kawaida hufanywa mbwa akiwa na wiki 8 hadi 12, gegedu la sikio likiwa bado laini.

Kuhusu usaha, si kweli. Ugonjwa wa masikio huanzia ndani, kwenye mfereji unaoshuka chini kisha ukapinda kuelekea kwenye kiwambo, yaani ngozi nyembamba ya ndani inayopokea sauti. Kisu hakifiki huko; kinaondoa sehemu ya nje tu. Kinachowasha mfereji ni mzio, unyevu unaobaki baada ya kuoga au kuogelea, utitiri na fangasi. Tazama mbwa wa aina ya Cocker Spaniel na Basset Hound: wanajulikana kwa kuugua masikio, lakini hao hawakatwi. Kama sababu ingekuwa afya, wao wangetangulia.

Kwa hiyo jibu letu ni moja: usimkate. Upasuaji huu hauna faida yoyote ya kiafya kwa mbwa, na chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani, AVMA, kinaupinga unapofanywa kwa ajili ya sura. Mbwa pia huongea kwa masikio. Akiogopa huyalaza nyuma, akishtuka huyainua, na mbwa mwenzake husoma ishara hizo kabla hawajakaribiana.

Badala yake, funua masikio yake mara moja kwa wiki, uyaangalie na kuyanusa. Yakiwa na nta nyingi, mimina dawa ya kusafishia masikio ya mbwa hadi mfereji ujae, kanda shina la sikio sekunde 20 hadi 30 mpaka usikie sauti ya majimaji, mwache ajikung'ute, kisha futa kwa pamba kile kilichopanda juu. Usiingize vijiti vya pamba, maana vinausukuma uchafu chini zaidi. Sikio likiwa jekundu, likinuka au likimuuma, usimimine kitu chochote kabla ya daktari kuhakikisha kiwambo hakijatoboka.

Jirani anafuga mbwa wengi na anasema yeye hukata kwa mkasi dakika 5 tu, bila dawa ya usingizi. Hospitalini wanafanya nini cha ziada?

Wanafanya karibu kila kitu ambacho yeye hafanyi. Sikio limejaa neva na mishipa ya damu. Mtoto wa mbwa anayekatwa akiwa macho anasikia kila milimita ya mkato huo, na kwa kuwa anapapatika, ncha mbili haziwezi kutoka sawa.

Kwa daktari, mbwa hupimwa kwanza moyo, joto na chanjo zake. Hashindi njaa usiku kucha kama mbwa mkubwa. Mtoto wa wiki 8 huzuiwa chakula kwa saa chache tu, kwa sababu sukari yake ya damu hushuka upesi na anaweza kuzirai hata kabla ya kuguswa. Hulazwa kwa nusukaputi, akiwekewa mpira wa kupumulia na kitu cha kumpasha joto. Masikio hunyolewa, hupimwa kwa pamoja na kuchorwa mstari. Baada ya mkato damu huzuiwa, kisha ngozi ya pande mbili huvutwa juu ya ukingo wa gegedu na kushonwa. Uzi hupita kwenye ngozi tu. Gegedu likibaki wazi, kidonda hukawia kupona na kovu huwa nene.

Hatari moja ya mkasi wa nyumbani haitajwi vya kutosha: pepopunda. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo na huingia kwa kidonda. Ukimwona mtoto wa mbwa aliyekatwa siku kadhaa zilizopita ghafla masikio yamekaza na kusogeleana, ngozi ya paji la uso imekunjamana, midomo imevutwa nyuma na anatembea mkakamavu kama amevaa miguu ya mbao, usidhani masikio yamekubali kusimama. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Kufunga sikio kwa mpira hadi likauke na kudondoka kuna hatari ileile, na mateso yake hudumu siku nyingi.

Tumempokea mtoto wa mbwa aliyeachwa na mwenyewe. Amekatwa masikio siku 2 zilizopita, nyuzi bado zipo. Tumuuguze vipi?

Mpelekeni kwa daktari leo, hata kama anaonekana mzima. Hamjui alishonwa na nani wala alipewa dawa gani. Mwambieni daktari akague mshono, aangalie chanjo na awape dawa ya maumivu inayolingana na uzito wake. Kwa kawaida itakuwa ya kundi la meloxicam au carprofen. Mpeni pamoja na chakula, kwa saa zilezile, bila kungoja alie. Msimpe paracetamol, ibuprofen wala diclofenac za binadamu. Kidonge kimoja kinaweza kuharibu ini, figo au tumbo la mbwa mdogo kiasi hicho.

Kisha kola ya plastiki, ile yenye umbo la faneli inayozunguka kichwa. Avae usiku na mchana, akila na akilala, mpaka nyuzi zitolewe. Ukingo wake upite pua kwa sentimita 2 au 3, na masikio yasisuguane nao. Familia nyingi huona huruma na kuivua "kidogo tu apumzike". Mguu wa nyuma unahitaji mkwaruzo mmoja kufungua mshono wote. Mtengeni pia na mbwa wengine, kwa sababu watoto wa mbwa wakicheza hushikana masikio kwa meno.

Kagueni kidonda asubuhi na jioni kwenye mwanga wa kutosha. Ukingo unaopona vizuri huonekana kama mstari mwembamba mweusi, mkavu, na ngozi ya pembeni yake ni ya waridi. Gaga hilo liacheni. Mkilibandua, damu inaanza upya na kovu linapanuka. Penye uchafu, lowesheni shashi kwa maji ya chumvi: kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Gusisheni, msisugue. Spirit na hydrogen peroxide huunguza chembe changa zinazojaribu kuziba kidonda. Marhamu nayo msipake bila kuambiwa, kwani hulainisha gaga na kuloweka nyuzi.

Damu ikichuruzika, kandamizeni kwa shashi safi dakika 5 kamili mkitazama saa, bila kuinua kuchungulia. Isipokoma, nendeni hospitali. Nendeni pia mkiona majimaji ya manjano, mshono umeachama, sikio limevimba na lina joto, harufu mbaya, ncha imegeuka bluu au nyeusi, joto la mwili limepita nyuzi 39.5, au amekataa kula kwa nusu siku. Mtoto wa mbwa hana akiba ya kungoja kesho.

Nyuzi kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14.

Baada ya nyuzi kutoka masikio yameanguka. Nayafungaje yasimame bila kumuumiza?

Hapa ndipo masikio mengi huharibika, mara nyingi mikononi mwa mwenye mbwa. Daktari afunge mara ya kwanza wewe ukitazama, mara ya pili ufunge wewe yeye akitazama.

Unahitaji plasta ya hospitali inayopitisha hewa, kijiti cha sponji ngumu chenye urefu wa sikio na pamba. Sikio liwe limepona na ni kavu kabisa. Ncha ya chini ya kijiti funika kwa pamba; inakaa kwenye bakuli la sikio, juu ya mlango wa mfereji, haiingii ndani. Vuta sikio juu taratibu lifuate kijiti, kisha zungusha plasta kuanzia shinani kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Plasta iweke, usiivute. Ukimaliza masikio yote mawili, unganisha kwa daraja la plasta katikati ili yasielemee pembeni.

Plasta iliyokaza huzuia damu, na ngozi hufa ndani yake bila wewe kuona. Acha ncha ya sikio wazi uiangalie: iwe na joto na rangi yake ya kawaida. Nusa kila siku. Akitikisa kichwa mfululizo, akikiinamisha upande mmoja au akilia ukimgusa, fungua, hata kama ulifunga jana. Ikilowa, fungua siku hiyohiyo.

Vinginevyo badilisha kila siku 5 hadi 7. Usibandue plasta kwa nguvu. Ilainishe kwa mafuta ya kula, ngoja dakika chache, ukate kwa mkasi wa bandeji wenye ncha butu. Yaache masikio wazi saa kadhaa, na ngozi ikiwa nyekundu subiri itulie kwanza. Sikio lililokatwa likabaki fupi huweza kusimama baada ya wiki chache, lililobaki refu huchukua miezi. Akiwa na umri wa miezi 4 hadi 6, meno yanapobadilika, masikio yaliyokuwa yamesimama huweza kulegea tena kwa muda.

Mbwa wangu ana mwaka na nusu. Sikio moja limesimama, jingine limelala. Akatwe tena?

Hapana. Gegedu limekomaa, plasta haitalibadilisha, na kisu cha pili huongeza kovu linalovuta sikio upande. Hasikii vibaya wala haumwi kwa sababu hiyo. Mwache.

Tunahamia Ulaya na mbwa aliyekatwa masikio. Tutapata shida?

Ulizeni ubalozi au idara ya mifugo ya nchi mnayokwenda kabla ya kukata tiketi, kwa maana sheria hutofautiana. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa kulinda wanyama wa nyumbani, wa mwaka 1987, unakataza kukata masikio katika nchi zilizouridhia. Uingereza nayo imepiga marufuku. Kwa England na Wales sheria ni ya mwaka 2006. Marekani bado inaruhusiwa katika majimbo mengi. Bebeni cheti cha daktari kinachoonyesha tarehe na mahali alipofanyiwa upasuaji, pamoja na kadi ya chanjo, na msitarajie kumwingiza kwenye maonyesho ya mbwa: Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, imewazuia waliokatwa masikio tangu mwishoni mwa karne ya 19.